Mama Aliyesahau Kijerumani

Tangu nirudi nyumbani sijajua kukaa. Mke wangu ndiye aliyeligundua hilo kabla yangu. Nikimaliza kula nasimama, nazunguka nyumba, nagusa kitasa cha mlango wa uani kana kwamba kuna mtu amebisha, narudi ndani. Nikiwa kanisani natamani niwe barabarani. Nikiwa barabarani, juu ya pikipiki, vumbi la Misunkumilo likinijaa masikioni, nawaza mahubiri niliyoyaacha nusu mezani. Siku moja mke wangu alinitazama nikihamisha kiti kutoka kivulini kwenda juani na kukirudisha tena kivulini, akasema, "Baba watoto, mwili umeshuka, lakini wewe mwenyewe bado uko kwenye ndege."

Mimi ni mchungaji. Nimezaliwa Kabungu na kukulia huko huko, nikaenda chuo cha Biblia, nikarudi kuchunga makanisa madogo ya pembezoni mwa Mpanda, yale ambayo ibada ikirefuka kidogo watu wanaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kufukuza nyani shambani. Sikuwahi kuota kwamba ningetumwa Ulaya kuhubiri. Kwetu sisi misheni ilikuwa kitu kinachokuja. Tulizaliwa tukakuta imekuja: zahanati, shule, kengele, nyimbo zenye sauti nne. Basi askofu aliponiita na kuniambia kwamba kanisa rafiki la Ujerumani linaomba mchungaji kutoka kwetu akahudumu kwao, nilidhani ananitania.

"Baba askofu, wao ndio walituletea injili. Mimi nitawapelekea nini?"

"Kawaulize waliiweka wapi," alisema, akacheka peke yake.

Mama yangu hakucheka. Yeye anaishi Kabungu mpaka leo, kwenye shamba lile lile alilolikuta alipoolewa. Nilipomweleza aliendelea kupepeta mahindi, kisha akauliza, "Huko nako wenye dhambi wapo?"

"Wapo, mama."

"Na hapa wameisha?"

Nikaondoka. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alibaki na watoto, kwa sababu tulidhani ni muhula mmoja tu. Kitinda mimba wetu, binti, alikuwa darasa la tatu. Nilimuaga asubuhi akiwa amevaa sare, naye alinipungia mkono harakaharaka, maana kengele ya shule ilikuwa imeshalia. Muhula ule ukaongezwa, ukaongezwa tena. Niliporudi alikuwa kidato cha tatu.

Mji walionipeleka ulikuwa mdogo, na kanisa lake kubwa kuliko mji. Lilijengwa kwa mawe, na ndani yake ungeweza kuwaingiza Wakristo wote wa Kabungu na nafasi ikabaki. Jumapili waliokuja ni wazee wachache, kila mmoja na benchi lake, mbali na mwenzake, kama kuku waliotoka mabanda tofauti. Walinipenda. Waliniletea keki na makoti ya waume zao waliokufa. Waliniuliza habari za simba. Nilihubiri kwa Kijerumani cha kuungaunga, taya zikiniuma, nao walitikisa vichwa kwa huruma, nikajua wananihurumia mimi wala hawasikii neno.

Nilikuwa na muda mwingi mno. Hilo ndilo lililonisumbua. Kwetu mchungaji hana muda: huku msiba, huku ndoa imevunjika, huku mtu ameng'atwa na nyoka, na kila mmoja anakuja mwenyewe mpaka mlangoni. Kule hakuna aliyebisha. Ukitaka kumtembelea mtu, unaomba kwanza, na anakutafutia siku. Nilitembea mitaani bila pa kwenda, mikono mfukoni, nikiwasalimia watu wasiosalimiana. Nilimwandikia askofu kwenye simu kwamba nadhani kazi yangu hapa ni kupasha joto viti. Akanijibu neno moja: Vumilia.

Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa yanaisha niliposikia simu. Aliyepiga ni muuguzi wa nyumba ya wazee iliyokuwa mwisho wa mji. Alisema wana mama mmoja mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau. Kwanza alisahau majina, kisha akasahau njia ya chumbani kwake, na sasa amesahau Kijerumani chenyewe. Anaongea kutwa, lakini kwa lugha ambayo hapana anayeijua. Mtu mmoja alikumbuka kwamba aliwahi kufanya kazi Tanzania. Je, ningeweza kuja kusikiliza?

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta ameketi karibu na dirisha, mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, mikono yake mikubwa imelala juu ya blanketi. Aligeuka, akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Umechelewa," alisema kwa Kiswahili. "Maji yamechemka?"

Sikuwa nimesikia Kiswahili kwa mdomo wa mtu aliye mbele yangu tangu nifike. Na hiki hakikuwa cha darasani. Kilikuwa cha kwetu kabisa, ngeli zimevurugika, maneno yamevutwa mwishoni kama wanavyovuta watu wa Mpimbwe, kusini kwetu.

"Yamechemka, mama," nilijibu, ingawa sikujua ni maji gani.

"Haya, tia sindano ndani. Na hii mama mwambie asiogope. Sukuma, mama, sukuma! Kichwa kinaonekana."

Muuguzi aliyenileta alikuwa amesimama mlangoni. Alishtuka. "Hilo! Hilo neno! Analisema kila siku, kila tunapomgeuza kitandani. Sukuma, sukuma. Tulidhani ni jina la mumewe."

Nilimweleza kwamba mama huyu ni mkunga, na kwamba anazalisha. Muuguzi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alianza kucheka, akaziba mdomo. "Kwa hiyo muda wote huu," alisema, "anatuzalisha sisi?"

Tangu siku hiyo nikawa na pa kwenda. Mwanzoni nilikwenda mara moja kwa wiki, baadaye karibu kila siku. Kidogo kidogo nilimjua. Alikuwa nesi mkunga katika zahanati ya misheni huko Mpimbwe, jirani na Kibaoni, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kibaoni ninakujua vizuri. Nilihubiri huko nikiwa mchungaji kijana, na kila mwaka hununua mpunga kule. Nikimtajia mto, anautaja kwa jina. Nikimtajia mvua, ananiuliza kama daraja limekwenda. Sijui alinidhania nani. Siku nyingine nilikuwa mlinzi, siku nyingine mume wa mgonjwa, na mume wa mgonjwa aligombezwa sana. "Umemleta leo? Damu imetoka tangu jana, wewe ulikuwa pombeni?" Nilisema samahani. Nilisema samahani kwa niaba ya wanaume wengi.

"Nenda Kibaoni upesi," aliniamuru. "Waambie walete machela."

Nilitoka, nikasimama kwenye korido. Kupitia dirisha niliona theluji ya baridi ya pili na magari yaliyofunikwa. Mimi niliyevuka bahari kuhubiri Ujerumani, natumwa Kibaoni! Nilicheka, kisha nikashikwa na hamu ya nyumbani kali kiasi kwamba nilisimama pale nimeegemea ukuta mpaka mtu akaniuliza kama naumwa. Lakini nilipofika kwangu nilitamani kurudi kwake. Pale tu ndipo nilipokuwa kwetu, mkoani Katavi.

Binti yake alikuja siku moja ya mvua nikiwa ndani. Alikuwa mwanamke wa umri wangu au amenizidi kidogo, mrefu kama mama yake, na mikono ile ile. Alinishukuru kwa adabu, akabaki amevaa koti. Aliishi mji mwingine, alisema, na huwa haji mara nyingi.

"Wewe umezaliwa kule?" nilimuuliza.

"Nimezaliwa kule. Nilikaa mpaka nilipofikisha miaka saba. Halafu nikapelekwa shule ya bweni ya watoto wa wamisionari, mbali, na baadaye nikaletwa huku kwa bibi yangu. Mama alibaki na kazi."

"Basi unajua Kiswahili."

"Nilikijua. Nilikisahau makusudi."

Mama yake hakuwa amemtazama. Alikuwa akipapasa blanketi, akikunja ncha zake kama mtu anayefunga nepi, na akaanza kusema kwa sauti ya chini, "Mtoto yuko wapi? Mleteni mtoto wangu. Nipeni nimbebe."

"Anasema nini?" binti aliuliza.

"Anamtafuta mtoto wake. Anasema aletwe, ambebe."

Alisogea hatua moja. Kitu fulani kilibadilika usoni mwake. "Anasema mwanawe wa kike?"

Hapo nilikwama. Nilimweleza kwamba Kiswahili hakisemi. Mtoto ni mtoto. Aweza kuwa wa kike, wa kiume, wa kwako, wa jirani.

"Muulize," alisema. "Tafadhali. Muulize mtoto gani."

Sikutaka kuuliza. Lakini alikuwa ameniomba, na alikuwa ameshafungua vifungo vya koti lake. Nikainama. "Mama, unamtaka mtoto yupi?"

Mama yule alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kipumbavu. "Huyo yatima, jamani. Aliyeachwa na mama yake siku ile alipozaliwa. Si ndiye nalala naye? Atalia akiamka haoni mtu."

"Anasema nini?" binti aliuliza tena.

Nimehudumu miaka mingi, na mara nyingi nimewaambia watu maneno laini kuliko ukweli. Siku ile niliyatafuta sikuyapata. Nilimwambia kila neno kama lilivyosemwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mama anataja ni lini, nikamwambia hapana. "Najua ni lini," alisema. "Aliniandikia nikiwa bwenini. Alisema Mungu amempa mtoto wa kutunza ili asiwe mpweke." Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka bila kufunga mlango.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri. Nilijiuliza huyu mama alitoa nini na alimtolea nani. Wale waliozaliwa mikononi mwake Mpimbwe leo ni watu wazima na wana wajukuu. Na mmoja aliyezaliwa tumboni mwake amesimama mlangoni na koti. Nilipiga simu nyumbani nikamtaka kitinda mimba. Alikuwa anafua. Nilisikia maji yakimwagwa, kisha sauti yake, "Shikamoo." Nilimuuliza habari za shule, akasema nzuri. Nilimuuliza habari za bibi, akasema mzima. Nilikuwa natafuta swali jingine aliposema, "Haya, namrudishia mama."

Binti wa yule mkunga alirudi majira ya kuchipua majani. Hakuja kwa mama yake, alikuja kwangu. Alikaa jikoni kwangu, akakataa chai, akasema, "Nifundishe maneno machache."

"Maneno gani?"

"Ya kuongea naye. Kijerumani chake hakirudi. Kwa hiyo lazima mimi ndiye niende."

Tulianza siku ile ile. Nilidhani tunaanza kutoka mwanzo, lakini haikuwa hivyo. Nilipomwambia neno, alilitamka, kisha akanyamaza akisikiliza, kama mtu aliyeangusha jiwe kisimani. Jioni moja, bila mimi kumfundisha, alisema "kuni". Halafu akasema "sufuria". Halafu "usiguse, moto." Akaweka uso wake mezani, juu ya mikono.

Siku alipoamua kwamba yuko tayari, alinitaka niwepo. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mama yake, magoti karibu na magoti.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, binti. Karibu. Wewe ni mgeni?"

Alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa sawasawa.

"Ndiyo. Mimi ni mgeni."

"Umetoka wapi?"

"Nimetoka mbali."

"Oo, pole na safari." Yule mama alinyoosha mkono, akaugusa uso wa bintiye, akaushika mkono wake, akaugeuza na kuutazama ndani na nje. "Mikono mikubwa hii. Unafaa kazi ya ukunga. Umekula?"

"Bado, mama."

"Haya, kaa. Tutakula wote."

Hakumtambua. Siku zote zilizobaki hakumtambua hata mara moja. Lakini kila binti alipokuja alimkaribisha upya, alimpa pole ya safari, alimuuliza kama amekula, na binti akahamia mji wetu ili aje kila siku. Aliniambia kwamba utotoni alingoja sana mtu amwambie pole na safari. Nikamwambia kwamba neno "pole" halina Kijerumani chake, naye akasema anajua.

Mama yule alifariki kabla ya baridi kurudi. Makaburini walikuwepo wazee wa kanisa, wauguzi, na binti. Binti aliniomba niongee kwa Kiswahili, bila tafsiri. Niliongea kama ninavyoongea Kabungu tukimzika mama mtu mzima. Nilimwambia marehemu kwamba ametuzalia watu, na kwamba aliyebaki tutamtazama. Wazee wa kanisa hawakuelewa neno hata moja, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona mmoja wao akilia wakati nikiongea.

Miaka kadhaa baadaye, muda wangu ulipokwisha, nilirudi. Mpanda ilikuwa imetanuka. Palipokuwa na vichaka palikuwa na maduka ya vifaa vya ujenzi. Wafugaji kutoka kaskazini walikuwa wameongezeka, na ng'ombe wao walipita asubuhi mahali tulipokuwa tunacheza mpira. Waumini watatu niliowaacha wazima nilioneshwa makaburi yao. Na nyumbani, asubuhi ya kwanza, kitinda mimba aliniletea chai. Alikuwa mrefu, kichwa kimenipita bega. Aliweka kikombe kwa heshima, kwa mikono miwili, akasema, "Mchungaji, chai tayari."

Mke wangu alimkemea. Binti alishtuka kweli, akaniomba radhi. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo nilivyotajwa ndani ya nyumba miaka yote, mchungaji amepiga simu, mchungaji anawasalimia. Siku hizi ananiita baba. Lakini kabla ya kulitamka hilo neno husita kidogo, na mimi husikia kule kusita hata nikiwa chumba kingine.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, yule binti wa mkunga alikuja. Alishuka uwanja wa ndege wa Mpanda na begi moja na kofia, akawasalimia mke wangu na watoto kwa Kiswahili kilichotushangaza. Alitaka kwenda Kibaoni. Tulikodi gari, tukapita Sitalike, tukaingia mbugani madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbung'o. Dereva alipunguza mwendo ili mgeni aone twiga. Yeye alimwambia, "Twende tu, kaka."

Zahanati ya misheni ilikuwa imebomolewa, pamejengwa nyingine. Lakini kina mama wazee walikusanyika upesi waliposikia amekuja mtoto wa Mama Mkunga. Mmoja aliyepinda mgongo, fimbo mkononi, alimshika mkono asiuachie. "Mama yako alikuwa mkali!" alisema. "Alinipiga kofi. Nimebana miguu, nalia, nasema nakufa. Pa! Akaniambia hufi, sukuma. Mtoto akatoka." Akaelekeza fimbo ng'ambo ya barabara. "Ndiye huyo mwenye duka la mbolea."

Wote walicheka, na mgeni wetu akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza alichokuja kuuliza. "Kuna mtoto yatima ambaye mama yangu alimlea. Yuko hai?"

"Yupo," walisema. "Yuko sokoni, anauza mchele."

Tulimkuta nyuma ya magunia yake, mwanamke mnene, mchangamfu, kitambaa cha njano kichwani, akimpimia mteja. Nilimweleza sisi ni nani. Alisikiliza huku akikung'uta kopo, akatusogezea kibao cha kukalia.

"Naambiwa tu hayo," alisema. "Mimi simkumbuki. Bibi yangu mzaa mama alikuja kunichukua nikiwa sijaanza kutembea. Wanasema yule mzungu alilia barabarani. Mimi nimekua nikimjua bibi yangu, ndiye aliyenibeba."

Nilimtazama mgeni wetu. Miaka yote ile huyu muuza mchele ndiye aliyekuwa mtoto aliyemnyang'anya mama, na sasa anatuambia kwamba mama huyo hamjui. Wala hakuonyesha huzuni. Mteja mwingine alikuja, akampimia, akamrudishia chenji, akaturudia.

"Alinitaja?" aliuliza.

"Alikutaja mpaka mwisho," mgeni wetu alijibu kwa Kiswahili chake cha polepole. "Alisema, utalia ukiamka huoni mtu."

Yule mama muuza mchele aliacha kukung'uta kopo. Alikaa juu ya gunia. Watu walipita, pikipiki ilipiga honi, naye alikuwa ametazama chini. "Masikini," alisema. "Na mimi hata sijui sura yake." Kisha akamtazama vizuri mgeni wetu, kama ndiyo kwanza anamwona. "Na wewe ulibaki na nani?"

"Na bibi yangu."

"Basi tuko sawa, dada. Tumebebwa mgongo mmoja, tukaachiwa mabibi." Akainuka, akatafuta mfuko, akajaza mchele mpaka ukafurika, akakataa kabisa kusikia habari ya kulipwa. Mgeni wetu alikaa naye pale sokoni hadi jua likaanza kushuka, akimshikia midomo ya magunia. Mimi nilizunguka soko mara nyingi mno. Sikuweza kutulia hata kwa ajili ya hilo.

Baada ya yeye kurudi kwao, askofu alipiga simu. Kule wameniulizia. Wanataka nirudi kwa muhula mmoja wa mwisho kabla sijastaafu. Nilimwomba muda. Nilipomwambia mke wangu, alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakuinua kichwa. "Ukitaka kwenda, nenda," alisema. "Ila usibaki kwa ajili yetu halafu ukatununia sisi." Kitinda mimba alikuwa karibu, akipiga pasi. Nilingoja aseme neno. Aligeuza shati, akaendelea kupiga pasi.

Nilikwenda Kabungu kumsaidia mama kung'oa karanga. Ardhi ilikuwa imeanza kukauka, karanga zinatoka kwa kuvutwa kwa nguvu. Tulifanya kazi bega kwa bega mpaka nikaanza kutweta, yeye hatweti. Nikamweleza.

"Unataka nikukataze?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Sikukatazi. Na sikutumi. Ulipokuwa huko nilikuzoea ukiwa huko. Sasa uko hapa, kila wiki unakuja kuniuliza kama nimekula, na hujakaa hata chai haijapoa, umeshaondoka. Nyie watu wa Mungu mnachosha." Akatupa shina la karanga kwenye fungu. "Yule mama mzungu uliyenisimulia, hivi alikuwa anataka nini?"

"Alitaka mtoto."

"Alikuwa naye."

"Alikuwa naye, ndiyo. Lakini mtoto alikuwa kwingine."

Niliendelea kung'oa. Nilimfikiria askofu anayengoja, na wale wazee kwenye mabenchi yao ya mbali, na yule aliyelia makaburini bila kuelewa neno. Nilitaka kwenda. Nakiri nilitaka sana, miguu yenyewe iliwasha. Na nilijua kwamba nikienda nitataka kurudi, na nikirudi kitinda mimba atakuwa amemaliza shule na kuondoka, na kule kusita kutakuwa kumekua kukawa ukimya.

Pale shambani simu haishiki mpaka upande juu ya kichuguu. Nikapanda, nikampigia askofu. Nilimwambia siendi. Nilimwambia yupo mchungaji kijana mwenye mke na mtoto mchanga, waende wote watatu, na mimi nitawafundisha Kijerumani nyumbani kwangu kabla hawajaondoka.

"Umeliombea jambo hili?" aliuliza.

"Nimeomba sana, baba askofu. Sikujibiwa. Nimejibu mwenyewe."

Alicheka, safari hii si peke yake.

Nilishuka. Mama alikuwa amefika mwisho wa tuta, mkono kiunoni, ananingoja.

"Amesemaje?"

"Amekubali. Atamtuma mwingine."

"Na moyo?"

"Moyo unakwenda mbio, mama. Unaniambia nimekosea."

"Utatulia?"

"Sijui."

Alipangusa udongo mikononi. "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Alitaka kwenda kuchimba dhahabu, akataka kwenda Kigoma, akataka kwenda Zambia. Alikufa hapa hapa, anataka kwenda. Lakini karanga alikuwa anang'oa vizuri." Akanisogezea gunia. "Kesho ukija, njoo na huyo binti yako. Mgongo wangu hauwezi tena tuta la kule chini."

Nikamwambia nitamuuliza.

"Usimuulize," mama alisema. "Mwambie bibi anamwita."